Ua Lipandwalo ili Liliwe

Je, mtu aweza kusema kwamba ametoa kitu, naye angali anataka kitu hicho kibaki kizima machoni pake? Swali hili ni la zamani, na wenye hekima wamelizungumza kwa namna nyingi. Katika makala hii nataka tulitazame kwa njia ya mmea mmoja tu, mmea wa porini ambao mtu akiupanda hupanda ili uliwe. Majani yake yakibaki mazima yote, mpanzi hajafanikiwa. Yakitobolewa na kutafunwa hata yakabaki mashina matupu, hapo ndipo kazi yake imetimia. Mmea wa namna hii watufundisha nini juu ya kutoa?

Mmea wenyewe si wa kwetu. Ni wa mbuga za majani marefu za katikati ya Marekani, katika majimbo kama Illinois, Iowa, Wisconsin na Minnesota. Siku hizi wako ndugu zetu wasemao Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, waliofanya makao yao katika nchi hizo. Labda baadhi yenu mna watoto au jamaa huko, nao hulipita ua hili kando ya barabara bila kulijua. Wenyeji wamelipa jina ambalo kwa lugha yetu ni "gugu la maziwa", kwa sababu ukivunja jani lake hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Wataalamu huliita Asclepias syriaca. Jina hilo la wataalamu lina kosa ndani yake, maana Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyelitoa mwaka 1753, alidhani mmea huo watoka Shamu, kumbe ni wa Amerika Kaskazini. Na lile jina la wenyeji, kama tutakavyoona, nalo lina neno la kuulizwa.

Gugu la maziwa husimama kimo cha mita moja hata moja na nusu. Majani yake ni mapana na manene. Maua yake ni madogo, ya rangi ya waridi iliyofifia, nayo hukusanyika pamoja kuwa mviringo kama mpira, yakinukia vizuri wakati wa joto la Juni na Julai. Maji yake matamu ni mengi, na kwa hiyo nyuki wa kila namna, vipepeo na nondo huyakimbilia. Chavua yake haimwagiki kama unga. Imefungwa katika vifuko viwili viwili vilivyoungwa na kibanio kidogo. Mdudu akiteleza mguu wake katika ufa wa ua, kibanio humshika, naye huondoka nacho mpaka ua lingine. Mdudu dhaifu huweza kunaswa pale pale akafa. Na mmea huu hauwezi kuzaa vizuri kwa chavua yake wenyewe, bali hungojea chavua ya mwenzake iletwe na mpita njia. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa neno hilo ni kweli kabisa.

Mgeni alaye na asiyelipa

Lakini yuko mgeni mwingine, naye ni wa namna tofauti. Kipepeo mmoja mkubwa wa rangi ya machungwa na mistari myeusi, ambaye huko huitwa kipepeo mfalme, hutaga mayai yake juu ya mimea ya jamii hii tu. Sisi tunaye ndugu yake: yule kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe aonekanaye mashambani kote Afrika Mashariki, ambaye viwavi wake pia hula mimea yenye utomvu mweupe. Yai la kipepeo mfalme huanguliwa baada ya siku nne hivi. Kiwavi hula kwa muda wa majuma mawili, na uzito wake huongezeka kama mara elfu mbili. Hana chakula kingine. Mwekee kabichi, mwekee mchicha, atakufa kwa njaa mbele ya chakula hicho.

Kiwavi huyu haulipi mmea kitu chochote. Wala tusidhani kwamba mmea wafurahi kuliwa. Utomvu ule ni silaha. Kiwavi mchanga huweza kunata ndani yake akafa, na tena una sumu ya kuudhuru moyo. Kiwavi aliyekua hukata kwanza mshipa wa jani ili utomvu utoke wote, kisha ndipo ale sehemu iliyokauka. Sumu huibeba mwilini mwake, hata akiwa kipepeo, ndege amwonjaye humtema. Kwa hiyo tusiufanye mmea kuwa mtakatifu. Mmea hautoi, hunyang'anywa. Kama yuko atoaye katika habari hii, ni yule mtu aliyeupanda akijua mambo hayo yote.

Naye anampa nani? Vipepeo wa mwisho wa kiangazi hawataagi mara moja kama wazazi wao. Huruka kwenda kusini mpaka milima ya Michoacán na Jimbo la Mexico, na kwa wengine safari hiyo hupita kilomita 4,000. Huko hukaa wakati wote wa baridi juu ya miti ya jamii ya misonobari, mahali palipoinuka mita kama 3,000, wakiwa wengi hata matawi hulemewa. Wenyeji wa milima ile waliwajua tangu zamani, kwa maana hufika karibu na Siku ya Watakatifu Wote na Siku ya Marehemu Wote, mwanzo wa Novemba. Bali wataalamu walikuja kupajua mahali pale Januari 1975 tu, baada ya Fred Urquhart wa Toronto na mkewe Norah kutafuta kwa miaka mingi wakisaidiwa na watu wengi wa kujitolea. Masika ikifika, vipepeo hao hao huanza kurudi kaskazini, hutaga mayai njiani, kisha hufa. Watoto wao husonga mbele, na wajukuu zao vivyo hivyo. Watakaoshuka tena Mexico ni vitukuu, ambao hawajaiona njia hiyo wala hawana mzee wa kuwaonyesha.

Basi mtu wa Wisconsin aliyelisha viwavi kumi mwezi wa Agosti hatawaona tena. Wakivuka salama, hatapata habari. Wakifa njiani, hatapata habari vilevile.

Nani aliyeliita gugu?

Tumesema kwamba jina "gugu" lina neno la kuulizwa. Mkulima aliyelitoa hakuwa mjinga. Katika shamba la mahindi mmea huu hupokonya maji na mbolea, mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuchipua mbali, na ng'ombe au kondoo wakiula huweza kufa. Ana haki ya kuung'oa shambani mwake. Lakini neno gugu halielezi mmea ulivyo. Laeleza tu kwamba uko mahali ambapo mtu hautaki. Mtu yule akihama, au haja yake ikibadilika, gugu laweza kuwa si gugu tena siku hiyo hiyo.

Jambo hili lilionekana wazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sisi tunaijua sufi ya msufi, ile tunayojaza mito na magodoro. Marekani ilijaza sufi ya namna hiyo, iliyotoka Java, katika makoti wavaayo mabaharia ili wasizame. Japani ilipoviteka visiwa vile mwaka 1942, sufi ikakatika. Ndipo ikakumbukwa kwamba mbegu za gugu la maziwa zina nyuzi nyeupe, nyepesi, zenye nta, zisizonywa maji. Mwaka 1944 watoto wa shule wa Marekani na Kanada wakatumwa kando ya reli na barabara kukusanya maganda yake, na kiwanda cha kuyashughulikia kikawekwa Petoskey, katika jimbo la Michigan. Watoto waliambiwa kwamba magunia mawili yatosha koti moja, na koti moja ni uhai wa mtu mmoja. Vita vikaisha, nyuzi zikasahauliwa, na mmea ukawa gugu tena. Katika Ontario, nchini Kanada, ulikuwa katika orodha ya magugu mabaya kwa mujibu wa sheria mpaka ulipoondolewa mwaka 2014. Illinois iliufanya kuwa ua la porini la jimbo mwaka 2017. Katika miaka hiyo yote jani halikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu.

Kisha tuangalie mbuga zenyewe. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa Illinois, John Deere, alitengeneza plau ya chuma cha pua iliyoweza kukata udongo ule mzito bila kunatwa. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja sehemu kubwa ya mbuga zile ikawa mashamba. Illinois ilikuwa na ekari kama milioni 22 za mbuga. Zilizobaki katika hali yake njema ya asili ni kama sehemu moja katika elfu kumi. Na zimebaki wapi? Mara nyingi ni kando ya reli, na makaburini. Walowezi wa kwanza walizungushia wigo mahali pa kuzikia wafu wao kabla plau haijafika, na tangu hapo hapakulimwa. Makaburi ya Weston katika Illinois ni ekari 5 tu, na ya Rochester katika Iowa ni ekari 13, lakini ndani yake yamo maua ambayo mtu aweza kusafiri siku nzima katikati ya mahindi asiyaone. Aldo Leopold, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika kitabu kilichotoka mwaka 1949 baada ya kufa kwake, aliandika habari za kona ya makaburi ambako mmea mmoja wa mbugani ulikuwa umesalia, mpaka watengeneza barabara walipoondoa wigo na kuufyeka. Waliofyeka hawakuwa na chuki yoyote. Walikuwa wakisafisha.

Gugu la maziwa lilikuwa na bahati kuliko mimea mingine, kwa sababu liliweza kuishi katikati ya mistari ya mahindi. Lakini kuanzia mwaka 1996 zilikuja mbegu za soya, na muda mfupi baadaye za mahindi, zisizodhurika kwa dawa ya kuua magugu. Mkulima akaweza kunyunyizia shamba zima, kila kitu kikafa isipokuwa zao lake. Wataalamu wawili, Pleasants na Oberhauser, walikadiria kwamba kati ya mwaka 1999 na 2010 gugu la maziwa lilipungua kwa asilimia 58 katika eneo lile la kati. Vipepeo wa Mexico huhesabiwa kwa ukubwa wa msitu wanaoufunika. Katika majira ya baridi ya 1996–97 walifunika hekta kama 18, na katika 2013–14 hekta 0.67 tu. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza kipepeo huyu atiwe katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Namna ya kulipanda

Kulipanda si kazi ngumu, ila lina masharti yake. Maganda hukusanywa yanapoanza kufunguka na mbegu zimekuwa za kahawia. Mbegu hazioti mpaka zimepita katika baridi na unyevu, kama zinavyopita chini ya theluji. Basi mtu huzipanda mwishoni mwa mwaka kabla ya baridi kali, au huzifunga katika mchanga mbichi na kuziweka ndani ya friji siku 30 au zaidi, ndipo azipande wakati wa masika. Zataka jua la kutwa. Mwaka wa kwanza mche huonekana kama haukui, maana nguvu zake zote zashuka mizizini, na maua huja mwaka wa pili au wa tatu. Mwenye uwanja mdogo afadhali apande jamaa zake wasiotambaa sana. Yuko mwenye maua ya machungwa apendaye udongo mkavu, aitwaye Asclepias tuberosa, na yuko apendaye mahali penye maji, aitwaye Asclepias incarnata. Dawa ya wadudu isitumiwe kabisa, na mtu anunuapo miche aulize kama imetiwa dawa dukani, asije akaweka meza yenye sumu.

Hapa pana jambo la kuonya. Uko mmea wa jamii hii kutoka nchi za joto, Asclepias curassavica, wenye maua mekundu na manjano, ambao huota upesi na kuuzwa kila mahali. Watu wengi wema wameupanda. Lakini katika majimbo ya kusini yenye joto haufi wakati wa baridi, na majani yanayobaki hukusanya vijidudu vya ugonjwa wa vipepeo, na tena huwashawishi wengine wakae pale wasiende safari yao. Nia njema peke yake haitoshi, ndugu zangu. Atakaye kumsaidia mwingine hana budi kwanza kujifunza mwingine huyo anaishije.

Mtihani wa mpanzi

Sasa turudi kwenye swali letu. Mpanzi amengoja miaka mitatu. Mmea umesitawi, majirani wanausifu, harufu ya maua yaingia madirishani. Ndipo viwavi wanakuja, na kwa muda wa juma moja uzuri wote umekwisha. Wengi hufika hapa wakakasirika. Walisema wanapanda kwa ajili ya vipepeo, lakini mioyoni mwao walipanda kwa ajili ya uwanja wao, na vipepeo wawe pambo juu yake. Walitaka mgeni aje, aonekane, asile.

Sisemi haya ili kuwacheka watu wa Marekani. Tabia hii tunayo sote. Tunamkaribisha mtoto wa ndugu nyumbani, kisha twahesabu vipande vya sabuni. Tunatoa shamba litumiwe, kisha tunasikitika kuona limetumika. Twapenda kuitwa watoaji, na hapo hapo twapenda kitu kikae kama kilivyokuwa. Lakini kitu kilichotolewa kweli huonekana kwa kupungua. Mkate uliogawanywa hauwi mzima tena. Jani lenye matundu ndilo ushahidi kwamba lilipandwa kwa ajili ya mwingine.

Yako maneno matatu ambayo mtu mwenye busara aweza kuyaleta kinyume, nayo yastahili kujibiwa.

Kwanza, atasema: Watu kwanza. Neno hili ni zito. Penye mtoto mwenye njaa, mtu asitumie fedha za unga kununulia mbegu za maua. Lakini tuulize kwa haki, je, pembe ya uwanja iliyopandwa gugu la maziwa imemnyima nani chakula? Huko Marekani uwanja wa mbele ya nyumba kwa kawaida huwa na nyasi fupi zisizoliwa na mtu wala mnyama, ambazo hukatwa kwa mashine mara kwa mara ili zipendeze. Anayebadili sehemu ya uwanja huo hajamwondolea mtu tonge. Ameondoa pambo, akaweka meza.

Wengine hujibu upesi kwamba wadudu ndio watulishao. Ni kweli kwamba mazao mengi, kama kahawa, maboga na maembe, huzaa vizuri kwa msaada wao. Lakini tusijidanganye. Mahindi huchavushwa na upepo, na soya kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe. Kipepeo mfalme akitoweka kesho, mkulima wa Iowa atavuna kama kawaida. Basi swali labaki tupu: je, tuna wajibu wowote kwa kiumbe ambaye hatuna haja naye?

Nadhani tunao, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi wanadamu ndio tuliochukua. Mtu aliyekuta nyumba tupu akaingia hana deni. Lakini mtu aliyetwaa nyumba yenye watu, vyumba vyote mpaka jikoni, hawezi kusema kwamba waliotolewa hawamhusu. Sheria ya kale ya Israeli ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, akaamriwa kuwaachia maskini na mgeni. Haikusema awaachie kwa sababu watamfaa baadaye. Ilisema tu kwamba shamba lake lisiwe lake mpaka ukingo wa mwisho. Sababu ya pili ni macho yetu. Mtu aliyejizoeza kuuliza kwa kila kitu, "Chanifaa nini?", siku moja atamtazama mama yake mzee, au mtoto asiyeweza kufanya kazi, na swali litakuja lenyewe. Sisemi kwamba kipepeo ni sawa na mtu. Nasema kwamba macho tunayotazamia ni yale yale.

Pili, atasema: Majirani je? Watu wapenda uwanja safi, na miji mingi ya Marekani ina sheria juu ya kimo cha majani. Hapa jibu langu ni kwamba wajibu kwa kipepeo hauondoi wajibu kwa jirani. Mizizi ya gugu la maziwa haijui mpaka, nayo ikiingia bustanini mwa mwenzako, wewe unatoa sadaka kwa mali ya mtu mwingine, na hiyo si sadaka. Kadhalika, mtu asilipande kando ya malisho ya mifugo. Apande mahali pake, akate ukingo vizuri, aeleze kwa upole kwa nini amefanya hivyo, na kama inambidi achague ile aina fupi. Ila jirani naye ajiulize kama usafi ni wema sikuzote. Kufagia uwanja ni adabu njema tuliyofundishwa na mama zetu. Lakini pako mahali ambapo usafi umegeuka kuwa hali ya kutovumilia kitu chochote tusichokipanda sisi.

Tatu, atasema: Mmea mmoja utafaa nini? Mwaka 2017 wataalamu walikadiria kwamba mashina zaidi ya bilioni moja yangehitajiwa kuongezwa ili vipepeo wale wapate salama. Mbele ya hesabu hiyo mashina kumi ni kama si kitu, na mwenye kudhani kwamba bustani yake itamwokoa kipepeo mfalme anajivuna. Mashamba makubwa, serikali na wauza dawa wana sehemu yao ambayo mtu mmoja hawezi kuwafanyia. Lakini iangalieni njia ya kipepeo mwenyewe. Jike hutaga yai moja hapa, moja pale, akienda kutoka mmea hadi mmea, katika nchi yenye upana wa mamia ya kilomita. Kwake mashina kumi ni kama kisima kimoja katika safari ya jangwani. Kisima kimoja hakimfikishi msafiri mwisho wa safari, lakini hakuna msafiri aliyefika pasipo visima vya namna hiyo. Na wajibu wa mtu haupimwi kwa kuuliza kama ataimaliza kazi yote. Wapimwa kwa sehemu iliyo mkononi mwake.

Wazee walisema, "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Kwa kawaida twalitumia neno hilo kumfariji mtu aliyetendewa ubaya na wale aliowasaidia. Lakini lina maana zaidi ya kufariji. Lasema kwamba wema una miguu yake, na mwenye kuutenda hana haja ya kuufuata nyuma aone wafika wapi. Mpanzi wa gugu la maziwa hulitimiza neno hilo apende asipende, kwa sababu aliowalisha wamekwisha kwenda, nao hawarudi. Warudio ni wengine.

Na sisi tulio mbali na mbuga zile tunalo la kufanya. Tunayo makaburi yetu na viwanja vya makanisa yetu, na siku za kufyeka hutangazwa kila mwaka. Ni vema kufyeka, maana nyoka hukaa majanini, na kaburi la mzazi lisilotunzwa ni aibu. Lakini kabla ya kushika mapanga, na tumwulize mzee ajuaye mimea atuonyeshe ni ipi iliyokuwapo kabla yetu, ni ipi yenye maua yanayofuatwa na nyuki, na ni ipi tukiimaliza hapa haitaonekana tena kijijini. Kisha tuamue pamoja ni pembe gani tutakayoiacha. Pembe hiyo haitapendeza machoni pa kila mtu, na majani yake yatatobolewa.